Uchambuzi wa Kisa: Mkusanyo wa Dansi na Taarabu Uliopotezewa Majina na Kompyuta

Usuli

Kisa hiki kinahusu mkusanyo wa muziki wa familia moja katika mji wa pwani ya Tanzania. Majina ya wahusika, jina la mji na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa. Mwenye mkusanyo nitamwita Mzee, na kijana wa dada yake, aliyeshika kazi ya kompyuta, nitamwita mpwa. Mimi niliitwa baada ya jaribio la kwanza kuharibika, nikashirikiana nao mpaka kazi ilipokamilika, na wote wawili wameridhia kisa kiandikwe ili wengine wenye mikusanyo ya namna hii wafaidike.

Mzee alianza kukusanya kanda akiwa kijana, na kwa muda mrefu chanzo chake kikubwa kilikuwa redio. Kanda tupu ya dakika 60 au 90 iliwekwa kwenye redio kaseti, kidole kikakaa tayari juu ya vitufe vya kurekodia, na mtangazaji alipoanza kutaja bendi, kanda ikaachiwa izunguke. Kanda nyingine alizinunua, nyingine alinakiliwa na marafiki wa Tanga, Unguja na Mombasa. Karibu kila moja ina kikaratasi chenye mwandiko wake, ingawa wino wa vingi umefifia. Miaka kadhaa kabla ya kisa hiki, familia ilipeleka kanda kwa fundi azihamishie kwenye kompyuta, kwa kuwa utepe wa baadhi yake ulikuwa umeanza kunata na kukatika. Baadaye mpwa aliongeza nyimbo alizonakili kutoka kwenye CD, nyimbo alizoingiziwa kwenye memori kadi na vijana wa vibandani, na nyingine alizotumiwa kwenye simu.

Kabla ya kueleza kilichotokea, inafaa kukumbuka jinsi muziki huu ulivyorekodiwa, maana hapo ndipo chimbuko la matatizo yote yaliyofuata. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1960 hadi 1980 ilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio, ikapiga nyimbo kadhaa kwa mkupuo mmoja, na rekodi zikabaki katika maktaba ya redio kwa ajili ya kurushwa hewani. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo nyimbo zilizotoka kwenye santuri zilipitia Nairobi, nyingi zikiwa kwenye santuri ndogo za wimbo mmoja mmoja, ambapo wimbo mrefu uligawanywa: nusu upande A, nusu upande B. Kwa hiyo wimbo uliopendwa nchi nzima ungeweza kuishi miaka mingi bila kuwahi kuwa sehemu ya albamu yoyote. Programu nyingi za kupanga muziki, kwa upande wake, zimejengwa juu ya dhana kwamba kila wimbo una albamu, kila albamu ina mwaka, na kila msanii ana jina moja.

Hali ya mafaili kabla ya kazi

Mkusanyo ulikuwa na mafaili elfu tisa hivi, yote kwenye diski moja ya nje. Yaliyotoka kwenye kanda yalikuwa ya WAV, na yaliyobaki karibu yote yalikuwa ya MP3. Fundi alikuwa ameyapa mafaili ya kanda majina mafupi yenye maana kwake, kwa mfano namba ya kanda, herufi ya upande na namba ya wimbo, na mara mojamoja maneno machache aliyoyasoma kwenye kikaratasi. Mafaili ya simu yalikuwa na majina ya tarehe na tarakimu tu.

Ndani ya mafaili ya MP3 mlikuwa na tagi, yaani maandishi yanayokaa ndani ya faili lenyewe na kuieleza redio au simu jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka na aina ya muziki. Mafaili mengi ya zamani yalikuwa na tagi za mfumo wa kwanza wa ID3, uliobuniwa mwaka 1996. Mfumo huo hutumia baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na hutenga herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa msanii na 30 kwa albamu. Kinachozidi hukatwa. Athari yake ilionekana wazi kwenye faili moja tulilolifungua tukiwa watatu mbele ya kioo: kisanduku cha msanii kilisomeka «Mbaraka Mwinshehe & Orchestra», basi. Ukihesabu herufi pamoja na nafasi, ikiwemo ile inayofuata baada ya «Orchestra», utakuta kwamba maneno hayo hufika 30 kamili kabla tu ya «Super Volcano» kuanza. Mbaraka Mwinshehe alitamba na Morogoro Jazz hadi mwaka 1973 alipoanzisha Super Volcano, hivyo neno lililokatwa ndilo hasa lililokuwa linaonyesha wimbo ni wa kipindi gani cha maisha yake.

Kasoro ya pili ilimkera Mzee kuliko zote. Nyimbo nyingi za taarabu zilionekana kwenye simu kama muziki wa Blues. Sababu yake ni ya kiufundi kabisa: mfumo ule wa kwanza hauandiki aina ya muziki kwa maneno, huandika namba, na namba 0 katika orodha yake ni Blues. Programu iliyoacha sifuri mahali pale bila kujua la kuandika iliugeuza kila wimbo kuwa Blues. Katika orodha ya awali ya aina 80 hakuna taarabu, hakuna dansi wala chakacha.

Kasoro ya tatu ilikuwa mwaka. Programu iliyotumika kunakili CD na kanda ilijaza mwaka wa kunakili, na nyimbo za kabla mpwa hajazaliwa zikaonekana za juzi. Ya nne ilikuwa majina. Bendi ya Mlimani Park ilionekana kama wasanii sita tofauti, kwa kuwa kuna aliyeandika Mlimani Park, aliyeandika DDC Mlimani Park Orchestra, aliyeandika jina lake la utani, Sikinde, peke yake, na wengine waliokosea herufi. Ikhwani Safaa, kikundi cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905, nayo ilitawanyika katika tahajia za Akhwan, Ikhwan na Ikhwani.

Jaribio la kwanza na madhara yake

Mpwa alisoma kuhusu programu ya MusicBrainz Picard, ambayo hutambua wimbo kwa kuusikiliza na kuulinganisha na hifadhi kubwa ya mtandaoni inayojengwa na watu wa kujitolea. Programu ni nzuri, nami naitumia. Lakini mpwa aliielekeza kwenye mkusanyo wote kwa mara moja, na akawasha mipangilio mitatu kwa pamoja: kufuta tagi za zamani kabla ya kuandika mpya, kubadilisha majina ya mafaili, na kuyahamishia kwenye folda mpya. Diski ilikuwa ileile moja.

Nyimbo zilizotoka kwenye CD za dukani zilipangika vizuri ajabu, na hilo lilimpa imani ya kuendelea. Za kanda zilikataa. Utambuzi wa sauti katika programu hiyo hupiga hesabu juu ya dakika mbili za mwanzo wa rekodi na kutafuta rekodi inayofanana nayo kwa karibu sana. Kanda iliyorekodiwa na mashine moja na kuchezwa na nyingine huwa na mwendo wa kasi au wa polepole kidogo, na tofauti ya asilimia chache inatosha kuufanya wimbo uleule usitambulike. Mtangazaji akiwa anazungumza juu ya mwanzo wa wimbo, hali huwa mbaya zaidi. Zaidi ya hayo, nyimbo nyingi za mkusanyo huu hazimo kabisa katika hifadhi ile.

Kufikia hapo hakuna kilichoharibika. Programu ilisema ukweli, kwamba haizijui. Uharibifu ulikuja mpwa alipotumia njia ya pili ya programu hiyo, ya kutafuta kwa maandishi yaliyomo kwenye tagi na majina ya mafaili, kisha akakubali mapendekezo kwa makundi bila kusikiliza. Penye jina lililofanana kwa neno moja, wimbo ulivishwa taarifa za wimbo mwingine. Nyimbo za bendi tatu za Morogoro na Tanga zilijikuta ndani ya albamu moja ya mkusanyiko iliyotolewa Ulaya, zikiwa na mwaka wa albamu hiyo. Majina ya fundi, yenye namba za kanda na pande zake, yakafutika.

Aliyegundua ni Mzee. Aliomba apigiwe wimbo wa bendi ya Nuta anaoupenda, simu ikaonyesha jina hilo, na ikapiga kitu kingine.

«Mjomba, si hii hapa imeandikwa Nuta?»

«Imeandikwa, mwanangu, lakini hii ni Western Jazz. Nuta wameipeleka wapi?»

Bahati ilikuwa moja. Fundi wa awali alikabidhi kazi yake kwenye DVD, na familia ilizitunza kabatini pamoja na kanda. Mafaili yote ya kanda yalirudishwa kutoka humo, na majina yake ya zamani. Nyimbo za memori kadi na za simu hazikuwa na nakala yoyote. Sauti zilibaki, majina ya awali yakapotea.

Maamuzi ya awamu ya pili na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutogusa tagi hata moja mpaka hali iliyopo iandikwe. Tulitoa nakala mbili za mkusanyo, moja ikapelekwa nyumba nyingine. Kwa programu ya Mp3tag tulitoa orodha ya kila faili, njia ya folda lilimokuwa, jina lake na tagi zake zote, tukaiweka kwenye jedwali. Safu ya jina la awali katika jedwali hilo ilitangazwa kuwa haibadilishwi na mtu yeyote. Jina kama «k052 b 3 nuta labda» linaweza kuonekana takataka kwa anayependa unadhifu, kumbe ndani yake mna namba ya kanda, upande, nafasi ya wimbo na kiwango cha uhakika cha fundi.

Uamuzi wa pili ulihusu muundo wa mafaili. WAV hupokea tagi kwa namna ambayo programu hazikubaliani. Inayoandikwa na moja haionekani kwa nyingine. Mafaili ya kanda yalibadilishwa kuwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza chochote cha sauti na hupokea tagi bila kikomo cha herufi. Kanda ya dakika 90 kwa WAV ya ubora wa CD hula megabaiti 950 hivi. Kwa FLAC tulipata nafuu kubwa. Faida iliyonivutia zaidi ni kwamba FLAC hubeba ndani yake namba ya uhakiki, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, na namba hiyo ni ya sauti peke yake. Unaweza kuhariri tagi mara nyingi upendavyo, na miaka kumi baadaye ukathibitisha kwamba sauti yenyewe haikuguswa. MP3 tuliziacha zilivyo, kwani kuigeuza MP3 kuwa FLAC huongeza ukubwa wa faili na hakurudishi sauti iliyokwisha kutupwa.

Kwa MP3 tulichagua toleo la 2.3 la tagi za ID3, ingawa 2.4 ni jipya zaidi. Sababu ilikuwa redio ya gari la familia na simu mbili za zamani, ambazo zilionyesha tagi za 2.4 zikiwa tupu. Tagi za mfumo wa kwanza, zile za herufi 30, tuliziondoa kabisa kila tulipokwisha kuandika mpya, ili kifaa kisije kusoma toleo lililokatwa.

Uamuzi wa tatu ulichukua mazungumzo marefu kuliko mengine yote: ni nani anayeandikwa kwenye kisanduku cha msanii? Bendi ya Nuta, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilibadilika jina chama kilipobadilika. Ikawa Juwata Jazz mwishoni mwa miaka ya 1970, ikawa Ottu Jazz katika miaka ya 1990, na baadaye ikabaki kuwa Msondo Ngoma. Mpwa alitaka jina moja kwa zote ili simu ionyeshe bendi moja. Alipendekeza kuyaunganisha majina yote manne kwa vistari. Mzee alikataa kwa hoja ambayo sikuweza kuipinga: hakuna bendi iliyowahi kupanda jukwaani kwa jina hilo, na mtu atakayeukuta mkusanyo huu baada yake atadhani ilikuwapo. Tukakubaliana kwamba kisanduku cha msanii kibebe jina la bendi kama lilivyokuwa wakati wa kurekodi. Uhusiano wa majina manne uliwekwa kwenye kisanduku cha kundi, na kwa kuwa simu nyingi hazikisomi, mpwa akatengeneza orodha ya kupigia inayokusanya nyimbo zote za ukoo huo kwa mpangilio wa wakati. Orodha za namna hiyo huhifadhi anwani za mafaili, hivyo zilitengenezwa mwishoni, baada ya majina yote ya mafaili kutulia.

Taarabu ilihitaji utaratibu wake. Kwa vikundi vya Unguja, kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, msanii aliandikwa kikundi, na mwimbaji akapewa kisanduku chake. Kwa kanda za Mombasa, ambako jina linalouza ni la mwimbaji, kama Juma Bhalo au Zuhura Swaleh, msanii aliandikwa mwimbaji. Hapa pia tulitenganisha mtunzi wa muziki na mtunzi wa shairi. Programu nyingi huonyesha kisanduku kimoja tu cha mtunzi, lakini ID3 na FLAC huruhusu vyote viwili, na katika taarabu tofauti hiyo ni ya msingi. Nyimbo nyingi za Juma Bhalo ni mashairi ya jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi mkubwa kwa haki yake mwenyewe, na kuacha jina lake nje kungekuwa kumnyima mtu kazi yake.

Albamu ilibaki kuwa swali gumu. Kisanduku kikiachwa kitupu, simu hurundika nyimbo mia nne chini ya albamu isiyojulikana. Kikijazwa jina lililobuniwa, uongo unaingia kwenye kumbukumbu. Tulichagua kuandika neno «Mkusanyo» mwanzoni mwa kila albamu ambayo haikuwahi kutolewa, kwa mfano «Mkusanyo: Juwata Jazz, rekodi za redio», ili msomaji ajue mara moja kwamba jina hilo ni la kwetu. Namba ya kanda, upande, nafasi ya wimbo na maneno ya kikaratasi yaliwekwa kwenye kisanduku cha maelezo.

Mwaka haukuandikwa pasipo ushahidi. Tagi za 2.3 hudai tarakimu nne kamili, na hazina pa kuandika «miaka ya sabini». Makadirio yalikwenda kwenye maelezo, na kisanduku cha mwaka kikaachwa kitupu. Jina la bendi lenyewe lilisaidia kukadiria, kama ilivyo kwa Nuta na Juwata, na vilevile tarehe zinazojulikana: Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, kwa hiyo mwaka wowote wa baada ya hapo kwenye wimbo wake ni wa toleo, haukuwa wa kurekodi.

Mambo mengine yalikuwa mepesi. Aina ya muziki iliandikwa kwa maneno yetu: dansi, taarabu, chakacha. Kikato cha ng' kiliandikwa kwa alama moja tu kila mahali, maana kompyuta huona alama iliyonyooka na iliyopinda kuwa vitu viwili, na utafutaji hukosa nusu ya nyimbo. Majina yenye alama ya kuuliza yalibaki nayo kwenye tagi, lakini ikaondolewa kwenye jina la faili, kwa sababu Windows haiikubali hapo. Picha za vikaratasi vya kanda zilipigwa pande zote mbili. Kubwa zikawekwa kwenye folda, ndogo ndani ya mafaili.

Kusikiliza pamoja na Mzee

Hakuna programu iliyoweza kufanya kilichofanywa na masikio ya Mzee. Mpwa alifungua upande mmoja wa kanda kwa kila kikao, akapiga wimbo, akaandika anachoambiwa. Mzee hakusikiliza sauti ya mwimbaji peke yake, kwa kuwa waimbaji walihama. Muhiddin Gurumo aliimba Nuta, akaenda Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, akapita Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Sauti yake haikwambii uko bendi gani. Mzee alingoja solo liingie na tarumbeta zijibu, ndipo akasema. Mara moja alitaja bendi mpwa akiwa bado hajafungua kalamu, na alipoulizwa amejuaje, alisema mpiga besi huyo ana tabia ya kuchelewa kidogo kila anaporudi kwenye kiitikio, na hakuna mwingine aliyepiga hivyo.

Vikao hivyo vilifichua jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Katika kusafisha, mpwa alikuwa amekata maneno ya watangazaji kwenye mafaili kadhaa, ili wimbo uanze safi. Mzee alipouliza mtangazaji ameenda wapi, tulirudi kwenye DVD tukasikiliza upya, na katika sekunde chache zilizokatwa mlitajwa bendi, jina la wimbo na mara nyingine mtunzi. Kuanzia hapo ukawekwa utaratibu wa nakala mbili: ya kumbukumbu, isiyokatwa hata kimya cha mwanzo, na ya kusikiliza, iliyosafishwa.

Panapotokea Mzee kutofautiana na taarifa za mtandaoni, hatukuamua mshindi kwa haraka. Kisanduku kikuu kilichukua jibu lenye ushahidi zaidi, na maelezo yakabeba jibu la pili pamoja na chanzo chake, kwa maneno kama «kwa kusikia kwa mwenye mkusanyo».

Kushughulikia nyimbo zilizojirudia

Nyimbo zilizojirudia zilikuwa nyingi, na kulikuwa na shauku ya kuzifuta ili kupata nafasi. Kulinganisha faili zima kwa namba ya uhakiki hakukusaidia sana, kwa sababu herufi moja ikibadilika kwenye tagi, namba yote hubadilika. Ulinganishaji wa sauti ulifanya kazi vizuri kwa MP3 zilizotokana na faili moja. Lakini rekodi ya santuri na rekodi ya redio ya wimbo uleule ni vitu viwili: ya redio huwa ndefu, haikatwi katikati, na mara nyingi kiitikio cha mwisho hupanuliwa. Hizo hazikuguswa. Zilizofutwa ni zile tu zilizothibitika kutoka chanzo kimoja, na ikabaki yenye ubora zaidi, baada ya maelezo ya nakala inayoondoka kuhamishiwa kwenye inayobaki.

Matokeo

Sehemu kubwa ya nyimbo za kanda sasa ina jina la wimbo na bendi yenye uhakika, na kila moja inaweza kufuatiliwa mpaka kwenye kanda iliyotoka. Mia mbili hivi hazijapata jina. Hizo hazikuachwa tupu. Zimeandikwa kwa namba ya kanda, upande na nafasi, na sampuli zake zimewekwa kwenye flashi ambayo mpwa huwapelekea wazee wengine waliocheza au waliohudhuria madansi ya wakati ule. Nyimbo za memori kadi na za simu ziko katika hali mbaya zaidi. Zinazotambulika kwa sauti zimeandikwa upya, lakini hatuwezi tena kusema zilitoka kwa nani wala zilikuwa na jina gani, na kwa baadhi yake jina hilo lililofutwa huenda ndilo lilikuwa sahihi.

Mzee hutumia simu kwa kutafuta bendi, na anapata anachotaka. Kisanduku cha mwimbaji, ambacho alikitamani zaidi, simu yake haikionyeshi. Ilibidi mpwa atengeneze orodha za kupigia kwa waimbaji wachache anaowapenda.

Uchambuzi

Kilichofaulu kuliko yote ni kuamua maana ya kila kisanduku kabla ya kukijaza. Jaribio la kwanza liliingia kwenye visanduku likiwa na maana za wengine, zilizofaa CD za dukani, na ndiyo maana CD zilipangika na kanda zikaharibika kwa mipangilio ileile. Nasisitiza kwamba programu haikuwa na kosa. Ilipoachwa itambue sauti ilikiri isichokijua. Aliyeilazimisha kujibu ni mtumiaji aliyekubali mapendekezo ya maandishi kwa mkupuo. Mtu mwenye mkusanyo wa aina hii afanye kanda moja kwanza, upande mmoja, asikilize kila matokeo, ndipo aamue kama mipangilio inafaa kwa nyingine.

Kufuta majina ya zamani kulikuwa hasara kubwa kuliko tagi mbovu. Tagi mbovu hurekebishwa. Jina la faili lililoandikwa na mtu aliyeshika kanda mkononi ni ushahidi, na likipotea bila nakala, hakuna wa kulirudisha. Kuwepo kwa DVD kabatini kulitokana na mazoea ya fundi, na hakukupangwa na mtu yeyote katika familia, jambo linaloonyesha jinsi mkusanyo ulivyokuwa karibu kupotea wote.

Uamuzi wa kuheshimu jina la bendi la wakati wa kurekodi una gharama ambayo naikubali. Mgeni asiyejua historia atatafuta Msondo na asione Nuta. Nadhani hiyo ni afadhali kuliko kuandika jina lisilokuwapo, lakini familia nyingine yenye wasikilizaji vijana watupu ingeweza kuchagua vingine kwa haki kabisa, mradi jina la wakati ule liwekwe mahali pengine ndani ya faili.

Vikao vya kusikiliza vilianza vikiwa vimechelewa. Vingeanza kabla ya programu yoyote kufunguliwa, maneno ya watangazaji yasingekatwa, na mpwa angejua mapema kwamba majina mengi aliyokuwa anayakubali hayawezekani. Sauti za vikao vyenyewe hazikurekodiwa, nami naliona hilo kuwa pengo. Tulichoandika ni majibu, wakati sababu alizozitoa Mzee za kutambua bendi fulani zilikuwa na thamani sawa na majibu hayo.

Tatizo la mwisho lilijitokeza kazi ikiwa imekamilika. Mpwa aliendelea kusahihisha tagi kila Mzee alipokumbuka jambo, jedwali likabaki nyuma, na baada ya muda vitu viwili vikawa vinapingana bila kujulikana kipi ni sahihi. Sasa kanuni ni kwamba tagi iliyo ndani ya faili ndiyo yenye mamlaka, jedwali hutolewa upya kutoka kwenye mafaili kila baada ya masahihisho, na safu ya majina ya awali hunakiliwa kutoka jedwali la kwanza bila kubadilishwa herufi.